Maisha ya Mama Prisca Jeruto, Mwosha Picha wa Eldoret

Wachungaji wetu, wazee wa Kapseret, majirani wa Kapsoya, na ninyi nyote mliotoka karibu na mbali kuja kutushika mkono leo Jumamosi tarehe 5 Julai 2025, familia inawaomba mtulie kidogo msikie maisha ya mama yetu, na tunawaambia mapema kwamba tarehe zote mtakazosikia zimepitiwa mara tatu, kwa sababu mama huyu alikuwa mtu wa dakika na sekunde, na tukikosea hata siku moja tuna hofu atatukatiza akiwa hapo hapo alipolala.

Mama Prisca Jeruto alizaliwa tarehe 11 Agosti 1954, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kipkirui na mkewe, wakulima wa hapa Kapseret, ila hakuzaliwa hapa, kwa maana mama yake alishikwa na uchungu akiwa ameenda kutembelea jamaa, wakalazimika kumlaza katika nyumba ya watu, na ndiyo sababu akaitwa Jeruto, jina tunalompa mtoto anayezaliwa katika matembezi. Alibatizwa mwaka 1960, na jina la Prisca alilichagua mwenyewe akiwa na miaka sita, baada ya kukataa majina mawili aliyopendekezewa na mwalimu wa dini, na wanaomjua hawatashangaa kusikia hivyo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1962 katika shule ya msingi ya hapa karibu, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, akaendelea hadi kidato cha pili mwaka 1970, na huko mwalimu wake wa hesabu aliwahi kulalamika kwa wazazi kwamba msichana huyu akiuliza swali haketi mpaka ajibiwe, na akijibiwa anataka kujua jibu limetoka wapi. Masomo yaliishia hapo, kwa kuwa wadogo zake walikuwa watano na mama yao alikuwa ameanza kuugua, naye Jeruto alikaa nyumbani mwaka mmoja na nusu akikamua ng'ombe na kuwalea, bila kunung'unika, lakini pia bila kukubali kwamba ndiyo basi.

Tarehe 8 Mei 1972, siku ya Jumatatu, aliajiriwa mjini Eldoret katika Adero Studio, duka la picha la marehemu Mzee Jacktone Ooko, ambaye alikuja huku kutoka upande wa ziwa na kulipa duka hilo jina la mama yake mzazi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia na kuwachana wateja nywele kabla hawajakaa mbele ya kamera, lakini baada ya miezi mitatu Mzee Jacktone aligundua kwamba kila akiingia chumba cha giza kuosha picha, binti huyu alikuwa nje ya mlango akihesabu kwa sauti ya chini muda aliokaa ndani, na siku moja alipotoka akaambiwa kwa heshima kwamba leo amezidisha dakika moja. Alikasirika, akaenda kuangalia, akakuta picha kweli zimeungua kwa dawa, na wiki iliyofuata akampa Jeruto aproni na kumwingiza ndani.

Kwa vijana ambao mmezaliwa na simu mkononi, familia inaomba kueleza kidogo kazi hii ilikuwa nini. Filamu ya picha nyeusi na nyeupe ilitolewa kwenye kamera katika giza totoro, bila hata ile taa nyekundu, ikavingirishwa kwa vidole peke yake kwenye gurudumu dogo, ikatiwa ndani ya kopo lisilopitisha mwanga, na mpaka kifuniko cha kopo kikazwe, mwanga ukiingia hata kidogo, kila kilichopigwa kinakufa. Ndipo ikamwagiwa dawa ya kwanza ya kuitoa picha, ikaoshwa, ikamwagiwa dawa ya pili ya kuikaza, ikaoshwa tena na kuanikwa kwa kibanio kama nguo, na hapo unapata negativu, ambapo meno ya mtu ni meusi na suti yake ya harusi ni nyeupe. Maji ya Eldoret mnayajua, asubuhi ya Julai yanauma mifupa, na dawa ikiwa baridi hailali kazini tu bali inagoma kabisa, kwa hiyo Mama Jeruto alizoea kuingia kazini na chupa ya dawa ndani ya sweta, kwapani, mpaka ipate joto la mwili, na muda aliuhesabu kwa Baba Yetu, kila sala nusu dakika, kopo likigeuzwa kila akisema Amina. Mzee Jacktone alikuwa akiwatania wateja kwamba picha za duka lake zimeombewa mara kumi na nane kabla ya kutoka.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Mwalimu Simeon Kipyego, mwana wa Mzee Kiprop wa hapa hapa Kapseret, na Mungu akawajalia watoto watatu, Chepkoech aliyezaliwa 1978, ambaye ni mwalimu, Wilson wa 1980, ambaye ndiye mnaona ng'ombe wake hapo ng'ambo ya ua, na Chebet wa 1984, anayefanya kazi katika maktaba ya chuo kule Chepkoilel. Mwalimu Simeon alitutangulia tarehe 2 Machi 2011, na katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kupigwa picha moja akitabasamu, jambo ambalo marehemu alimlaumu nalo hadi mwisho.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe. Tarehe 5 Desemba 1981, Jumamosi, mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo, Seline Adero, ambaye wengi wenu mnamjua kama Mama Lorraine, na ambaye jina lake na la duka lilifanana tu kwa bahati, alimleta studio mtoto wake wa pekee, Lorraine, wa miaka sita, akiwa na yunifomu mpya ya shule ambayo angeanza Januari, na hiyo ndiyo ilikuwa picha ya kwanza kupigwa mtoto huyo tangu azaliwe. Filamu haikuwa ikioshwa mpaka ijae, na siku hiyo ilikuwa na watu kumi na tisa peke yake, kwa hiyo ikabaki kwenye kamera ikingoja wengine. Jumanne tarehe 15 Desemba Lorraine alifariki kwa surua. Alhamisi asubuhi mama yake akaja dukani, akaomba picha ya mtoto, kwa sababu walikuwa wanasafiri kesho yake kwenda kumzika upande wa ziwa, na Mzee Jacktone akaitoa filamu ile kabla ya kujaa, akamkabidhi Jeruto, akamwambia aiharakishe.

Alikuwa ndani ya chumba cha giza, filamu ikiwa mikononi, imeingia nusu kwenye gurudumu, aliposikia mlango ukigongwa na sauti ya baba mkwe wake, Mzee Kiprop, ambaye hakuwahi kukanyaga mahali pake pa kazi, ikisema, "Jeruto, ni mimi." Wazee mlioko hapa mnaelewa vizuri kuliko vijana, mke wa kijana wako wa miaka mitano kwenye ndoa, kukuacha umesimama kwenye ukumbi wa duka mbele za watu, akujibu kupitia mlango uliofungwa kwamba ungoje, hilo halikuwa jambo la kufikirika. Alifunika filamu kwa sweta lake mara mbili, akaligandamiza kwa mkono mmoja, akafungua mlango kidogo kwa mkono wa pili, akamsalimu mzee kwa kuinamisha kichwa, akamwomba akae, akafunga. Alisema baadaye kwamba haikufika nusu ya Baba Yetu. Filamu ilipotoka kwenye dawa ilikuwa nyeusi tii kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mzee Jacktone alitaka kumwambia Mama Lorraine kwamba kamera ndiyo iliharibika, na alitaka hivyo kwa nia njema, lakini Jeruto alikataa, akatoka na filamu ile mkononi ikiwa bado inadondosha maji, akamwambia yule mama mbele ya wateja, "Ni mimi nilifungua mlango. Picha haiko. Nitakutafutia nyingine." Mama Lorraine aliiangalia filamu, akatoka akaenda kumzika mtoto wake. Wale wengine wote waliokuwa kwenye filamu ile waliitwa wakapigwa upya, wengine wakalalamika kwamba nywele hazikukaa vizuri kama mara ya kwanza.

Ahadi hiyo, waombolezaji wapendwa, ndiyo maisha ya mama yetu. Mtoto yule aliishi Eldoret miaka sita, na katika miaka hiyo kulikuwa na harusi, maonyesho ya kilimo, sherehe za kanisa, mikutano ya chifu, na watoto wa mtaa huwa hawakosi mahali penye kamera, kwa hiyo alijiambia kwamba lazima Lorraine yuko mahali fulani, nyuma ya bibi harusi wa watu, pembeni ya ng'ombe aliyeshinda zawadi. Maboksi ya negativu ya Adero Studio ya miaka 1975 hadi 1981 yalikuwa kumi na manne, akayapitia picha moja moja dirishani kwa lenzi ya mkono baada ya kazi, hadi mwaka 1986 alipomaliza la mwisho, bila kumpata. Hapo mtu mwingine angepumzika. Yeye akaanza kwenda kwa wapiga picha wengine wa mji, mmoja mmoja, akiwaomba maboksi yao ya miaka hiyo, na wakati rangi ilipoingia, na baadaye simu, na maduka yakaanza kufungwa na kutupa negativu zao, alikuwa anafika kabla ya gari la taka, na wengi wenu wa boda boda mnakumbuka mama mtu mzima aliyepakata boksi kwa nguvu kuliko alivyojishika mwenyewe. Yote pamoja yalifika arobaini na sita.

Sambamba na hayo, mlango wake haukufunguliwa tena. Mwaka 1985 askofu mmoja alikuja kuchukua picha ya pasipoti, akabisha kumsalimu, akajibiwa kutoka ndani, "Baba Askofu, Bwana asifiwe, kaa hapo," na mji mzima ukasema mke wa Mwalimu amekuwa na kiburi. Aliyemtetea ni yule yule Mzee Kiprop, ambaye tangu alipojua kilichotokea siku aliyomtembelea, kila alipokuja mjini siku ya soko alileta kigoda chake akaketi kando ya mlango wa chumba cha giza, fimbo magotini, akimwambia kila anayekaribia, "Huyo ako kazi," na alifanya hivyo hadi mwaka aliofariki, 1993.

Mwaka 1990 familia ilihamia Kapsoya, na kwa mpango wa Mungu jirani wa tatu akawa ni Mama Lorraine. Miezi kadhaa walisalimiana kwa mbali, kisha Mama Lorraine mwenyewe akaja na chai, akakaa, akamwambia, "Jeruto, wachana na hii maneno sasa. Mimi nilikusamehe kitambo. Mtoto amepumzika, na wewe pumzika." Marehemu akamjibu, "Umenisamehe, na nashukuru sana. Lakini kazi haijaisha." Wakawa marafiki kwa ubishi huo, miaka thelathini na mitano, mmoja akimwambia mwenzake aache na mwenzake akikataa, wakienda kanisani pamoja na kurudi wamenuna. Tarehe 19 Septemba 2009 marehemu alimpelekea picha ya msichana aliyesimama kwenye maonyesho ya kilimo, akiwa na hakika, akiwa amevaa nguo ya Jumapili kwa ajili ya hiyo safari ya nyumba tatu, na Mama Lorraine akaiangalia muda mrefu, akamwambia, "Huyu si wangu. Lakini asante." Siku ya Jumatatu akafungua boksi lililofuata.

Mzee Jacktone alipostaafu mwaka 1996, duka liliendeshwa na mwanawe Bethwel Ooko, aliyeko nasi hapa, naye alipofunga chumba cha giza mwaka 2004 alimruhusu marehemu abebe mashine ya kukuza picha, makopo na trei zote, vikahamia kwenye stoo ya nyumbani Kapsoya, ambako aliendelea kuosha filamu za watu wachache waliobaki nazo, na baadaye za wanafunzi wa Chepkoilel walionunua kamera kuukuu za mtumba wakitaka kujifunza, na hao aliwafunza kuhesabu Baba Yetu hata wasiokuwa na dini. Mjukuu wake Chepkirui, binti wa Chepkoech, alijifunza kazi yote hapo.

Marehemu alipatikana na ugonjwa wa kisukari mwaka 2016, akaupiga vita kwa nidhamu yake ile ile ya saa, hadi ulipomfikia machoni, na kufikia Novemba 2023 hakuweza tena kuona mtu aliye mbele yake. Filamu aliendelea kuivingirisha, akisema giza ni lile lile, lakini negativu hakuweza kuzisoma, na alikuwa amefika boksi la thelathini na tano. Hapo ndipo Mama Lorraine, ambaye miaka yote hakutaka kugusa maboksi yale, alikuja siku moja na miwani yake, akachukua lenzi, akakaa dirishani, na tangu Februari 2024, kila Jumatatu na Alhamisi saa nane mchana, alimsomea rafiki yake, hapa kuna harusi, watu kumi na wawili, mtoto mmoja lakini ni mvulana, hapa kuna mzee na redio.

Jumanne tarehe 10 Juni mwaka huu, siku ambayo haikuwa hata ya kazi, wakiwa mwisho wa boksi la thelathini na nane, Mama Lorraine alisema amempata. Alhamisi tarehe 12 Chepkirui alitengeneza picha katika stoo ile, marehemu akiwa ameketi kando ya trei akihesabu, Mama Lorraine amesimama kati yao chini ya taa nyekundu, na uso wa msichana ulipoanza kujitokeza kwenye karatasi, Mama Lorraine akasema, "Ndiye huyu." Marehemu akamshika mkono, akamshukuru, akaomba apelekwe kitandani.

Jumatatu tarehe 23 Juni alilazwa kwa sababu figo zilikuwa zimechoka, na Jumapili tarehe 29 Juni 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Bwana alimchukua, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi kumi na siku kumi na nane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na ambao alikuwa akiwasahihisha saa za dawa, majirani wa Kapsoya waliopika na kulala nasi wiki nzima, Bethwel Ooko na wote waliofanya naye kazi Adero Studio, wapiga picha wa mji huu waliotoa maboksi yao, wanafunzi wake, na kanisa letu.

Shukrani ya mwisho ni ya Mama Lorraine. Mama, Jumatano tarehe 2 ulikuja nyumbani tukiwa tumeshapeleka programu ya mazishi kwa mchapishaji, picha ile ikiwa ukurasa wa mwisho na jina la mtoto wako chini yake, ukatuambia tuiondoe, kwa sababu yule si Lorraine. Ulituambia ulimwona Jeruto amechoka, ukaona heri umpe kitu aende nacho, na ukatuomba tulisome hili mbele ya watu, kwa kuwa yeye hakukudanganya siku yako mbaya kuliko zote, na hutaki azikwe na uongo wako. Tumefanya ulivyotaka. Ukurasa wa mwisho wa programu mlizonazo umeachwa mtupu.

Lakini kuna jambo ambalo wewe hulijui. Jumatano tarehe 25 Juni, hospitalini, marehemu alimwita Chepkoech karibu, akamwambia hivi, na Chepkoech ameyaandika neno kwa neno: "Yule si mtoto wake. Seline alisema ndiye huyu, kama mtu anaonyesha nyumba. Mama akiona mtoto wake, anamwita jina kwanza. Mimi sioni, lakini masikio ninayo. Msimwambie kitu mpaka niende, kwa sababu siku hiyo alinipenda sana, na mimi nilipendwa. Boksi ya thelathini na tisa iko juu ya friji."

Kwa hiyo inua kichwa, Mama Lorraine. Yanabaki maboksi manane. Chepkoech amechukua mawili, Wilson mawili, Chebet mawili, Chepkirui moja, na lile la juu ya friji halijaguswa, ni lako, kesho kutwa Jumatatu, saa nane mchana.

Nawe Mama Jeruto, umehesabu vya kutosha. Pumzika kwa amani, sisi tunaendelea kutafuta.